Mgonjwa "anaondoka" huku amekaa mbele yangu. Wauguzi wa afya ya akili, naombeni ushauri

Mwanagenzi_wa_Zamu:
Habari zenu wakuu. Nasomea uuguzi, hii ni wiki yangu ya tatu wodi ya afya ya akili. Kuna mama mmoja (mengine yake nimeyabadilisha asije akajulikana) aliyenusurika moto. Juzi mlango ulibamizwa, akaganda. Macho wazi, haitikii. Nikamshika bega, akaruka na kupiga mayowe. Alipotulia akaniuliza nimefika saa ngapi, na mimi nilikuwa naye tangu asubuhi! Kwenye faili nikaandika "hana ushirikiano". Mkuu wa zamu aliposoma akaniambia nikasome upya. Nimesoma, nimezidi kuchanganyikiwa. Huu ni wasiwasi, kiwewe (jeraha la akili baada ya tukio la kutisha) au saikosisi (kushindwa kutofautisha la kweli na lisilo la kweli)? Na nilitakiwa kufanya nini?

DadaWodini:
Pole mdogo wangu. Yule mama hakugoma. Hakuwepo.

Hofu ikimzidi mtu, na hana pa kukimbilia wala nguvu ya kupambana, akili hujitenga na kinachotokea. Ndiyo tunaita mtengano wa fahamu. Mwenye ugonjwa wa wasiwasi huteswa na "itakuwaje?". Mwenye kiwewe huteswa na lililokwisha kutokea, ila kwake linatokea sasa hivi. Ndiyo maana DSM-5, mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili wa mwaka 2013, uliyatoa magonjwa ya kiwewe kwenye kundi la wasiwasi na kuyapa sura yake. Sura ya mtengano inafuata papo hapo. Angalia pia muda: dalili za siku 3 hadi mwezi 1 baada ya tukio huitwa msongo mkali wa awali. Zikipita mwezi ndipo tunafikiria PTSD, yaani ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe.

Siku nyingine usimguse kabla ya kumwambia. Kaa anapokuona, usizibe njia ya kutokea. Kwa sauti ya chini mtajie jina lake, jina lako, leo ni siku gani, hapa ni wapi. Mwombe akanyage sakafu kwa nguvu, kisha ataje vitu anavyoviona. Usimwambie afumbe macho. Humo gizani ndimo moto ulimo. Na usimdadisi habari za moto. Hiyo ni kazi ya tiba, na ina wakati wake.

Mzee wa Chati:
Naunga mkono, ila msikimbilie kiwewe. Mtu akiganda, pima sukari, presha na mapigo, kisha mwite daktari. Kifafa nacho huweza kumfanya mtu akodoe macho na asikumbuke kitu. Kuhusu saikosisi: wapo wanaosema "najiona kama niko nje ya mwili wangu". Huyo akisema "kama", anajua si kweli, tofauti na mwenye saikosisi. Liandike neno hilo jinsi alivyolisema. Na diazepamu, dawa ya kutuliza, isigeuzwe tiba ya kiwewe, huweza kuchelewesha kupona na kuleta utegemezi.

Mwanagenzi_wa_Zamu:
Asanteni sana. Je, yale maneno "hana ushirikiano" niyafute kwenye faili?

Mzee wa Chati:
Usifute kamwe. Andika nyongeza, weka tarehe, saa na sahihi. Eleza ulichoona, hukumu iache.

Mwanagenzi_wa_Zamu:
Nimeandika: "Baada ya mlango kubamizwa aliganda kama dakika 3, hakuitikia jina, alishtuka alipoguswa, hakumbuki asubuhi." Leo kabla ya kufunga mlango nilimwambia, "Mama, naufunga sasa." Akageuka kuutazama, akaendelea kusuka nywele zake.