Kisa cha Theseus kwa darasa la tatu: nikisimulie vipi?

Maalim_Chake: Assalaam alaykum. Nataka kuwasimulia watoto wa skuli, darasa la tatu, kisa cha Wagiriki wa kale cha Theseus na Minotaur, kwa dakika 15. Majina ni mengi, na mwisho baba mtu anajitupa baharini. Nibakishe nini, niache nini? Na ule uzi uliomrudisha Theseus nje ya jumba la Minotaur niueleze vipi hata waufahamu?

MwanaWete: Waalaykum salaam, Maalim. Majina 4 yatosha: Theseus, baba yake Aegeus mfalme wa Athens, Minos mfalme wa Krete, na bintiye Ariadne, aliyempa Theseus uzi. Daedalus mwite tu fundi aliyejenga jumba la njia za kupoteza watu, anamokaa Minotaur. Minotaur mwoneshe kwa sura kwanza, jina baadaye: mwili wa mtu, kichwa cha fahali. Watoto wa Pemba wanaujua mchezo wa ng'ombe, basi wape zile pumzi na kwato zinazochimba mchanga. Alivyozaliwa acha, si ya rika lao.

Baada ya paukwa-pakawa, anza na deni: Athens inampelekea Minos wavulana 7 na wasichana 7 waliwe, na Theseus anajitolea awe mmoja wao. Kabla chombo hakijang'oa nanga, sema habari ya tanga. Wanaondoka na jeusi. Akirudi salama atweke jeupe. Wasimulizi wengi hulikumbuka mwishoni, wakalichomeka mbiombio, mtoto akaona kadanganywa.

BiMkubwa_Ngambo: Uzi usiueleze kwa maneno, mwanangu. Chukua donge la uzi wa kufumia, funga ncha kwenye kitasa cha mlango, mtoto mmoja azunguke madawati akilifungua, kisha arudi akilikunja. Wataona wenyewe: ncha isipofungwa, uzi wote unamfuata na njia inapotea.

Ukichora jumba mchangani, usiige mchoro wa sarafu za kale za Knossos, mji wa Minos. Ule una njia moja tu, inajizungusha mpaka katikati. Hapotei mtu humo, na uzi unakosa kazi. Weka njia panda tatu au nne, nyingine ziishie ukutani.

Nahodha_Mkoani: Mwisho usiuondoe, Maalim. Hawa ni watoto wa pwani, wanajua chombo kikiwa mbali hutangulia kuonekana tanga, watu bado. Aegeus yuko juu ya jabali, anaona nguo nyeusi mlingotini, basi. Mwanawe yu hai chini yake, kasahau kubadilisha. "Akaporomoka baharini" yatosha kwa umri huo, na bahari ikachukua jina lake, Aegean. Hapo nyamaza kidogo.

Wataulizia Ariadne. Theseus alimwacha kisiwani Naxos, akaja kuolewa na Dionysus, mungu wa mvinyo wa Wagiriki. Jibu uwe nalo.

Maalim_Chake: Ahsanteni sana. Na Minotaur aliuawa kwa upanga au kwa mikono?

MwanaWete: Apollodorus, mwandishi wa kale wa Kigiriki, kaandika ngumi, vyungu vingi vya kale vimechorwa upanga. Chukua ngumi, damu itapungua.