Tupeane uzoefu: sigara na kidonda cha upasuaji

Mwanzisha mada, Himbi (Goma)
Ndugu zangu, jana nilimkuta mdogo wangu nyuma ya nyumba akivuta sigara, ilhali baada ya wiki tatu atapasuliwa mguu na kupandikizwa ngozi ya paja. Moshi ule ulinikumbusha kidonda cha marehemu baba, kilichokataa kufunga. Mliopitia hali hiyo, elezeni mliyoyaona.

Msukuma chukudu, Majengo (Goma)
Chukudu yangu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ilinishinda kwenye mteremko ikiwa na mifuko ya makaa, ikanichuna ngozi kutoka goti hadi kifundo. Madaktari walichukua ngozi ya paja, wakaishona juu ya jeraha, wakanikataza tumbaku. Usiku maumivu yalipozidi nilijikokota hadi jikoni wanakopikia walinzi wa wagonjwa, yaani ndugu wanaowauguza, nikavuta sigara mbili, na kesho yake tatu. Siku ya tano muuguzi aliilowesha bandeji kwa maji ya chumvi, akaifungua taratibu: upande mmoja ulikuwa mwekundu na wenye uhai, upande wa pili mweusi kama masizi ya sufuria, umekauka kingoni, na harufu yake ilimfanya mke wangu, aliyekuwa akimulika kwa simu, ageuze uso. Daktari aliubonyeza kwa kidole nami sikuhisi kitu. Aliniuliza kwa upole kama nilivuta, nikakana. Ngozi ile ilikatwa, nikarudishwa chumba cha upasuaji, na mbuzi wawili wa mke wangu wakauzwa.

Mama wa Birere (Goma)
Pole sana, Papa. Weusi huo niliuona kwenye mguu wa kaka yangu, na hadi leo haujanitoka machoni.

Mzee wa Kadutu (Bukavu)
Msiwatishe watu. Nimevuta kiko miaka 40, nikapasuliwa ngiri, na mshono ulifunga vizuri. Vidonda huharibiwa na uchafu.

Muuguzi mstaafu, Ibanda (Bukavu)
Mzee wangu, uchafu ni adui kweli, lakini ngozi ya mshono wako ilibaki juu ya mishipa yake. Ngozi iliyopandikizwa imetenganishwa na mishipa yake yote. Siku mbili za mwanzo huishi kwa majimaji ya kidonda, kisha mishipa midogo ya chini huota na kuiingia. Nikotini huibana mishipa hiyo hiyo, na kaboni monoksidi, hewa ya sumu iliyomo katika moshi, hushikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo hata damu kidogo inayofika huja na oksijeni pungufu. Hata wenye mshono wa kawaida, wavutaji hupata usaha na kufunguka kwa kidonda mara nyingi zaidi.

Mzee wa Kadutu (Bukavu)
Nimekuelewa, binti yangu. Basi apunguze tu, asiache kwa ghafla; nasikia kuacha karibu na upasuaji huleta madhara.

Fundi wa Katuba (Lubumbashi)
Au ahamie ugoro, maana hauna moshi. Ficheni kiberiti, mumjazie karanga mfukoni.

Muuguzi mstaafu, Ibanda (Bukavu)
Karanga nakubali, ugoro nakataa, kwa sababu nikotini imo. Kuacha hakudhuru, hata kama zimebaki siku chache: ndani ya siku moja hewa ile mbaya hupungua sana katika damu. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri wiki nne au zaidi kabla ya upasuaji, na mimi naongeza kwamba asirudie hadi kidonda kifunge kabisa. Kwa kuwa zimebaki tatu, mwombeni daktari asogeze tarehe, ikiwa mguu unaweza kusubiri.

Msukuma chukudu, Majengo (Goma)
Na asilazwe karibu na jiko. Mwekeni mlinzi asiyevuta.

Mwanzisha mada, Himbi (Goma)
Nimemsomea habari ya Papa wa Majengo hadi mwisho, akanyamaza, kisha akanikabidhi pakiti. Jumatatu nitaongozana naye kwa daktari, kwa sababu kwenye karatasi ya hospitali alijaza kwamba havuti.