Naomba ushauri: binti yangu hataki samaki, asema "amelala"

Hamjambo wazazi wenzangu. Niko Kisumu, na binti yangu ana miaka 2 na miezi 4.

Wiki tatu zilizopita nilitoka soko la Kibuye na samaki wawili wabichi aina ya ngege, nikawaacha kwenye karai nikaenda kuchota maji. Kurudi, nakuta amewafunika leso yangu hadi shingoni, anawapigapiga mgongo polepole: "Nyamaza, lala, lala." Nilicheka hadi machozi. Kisha nikawasha jiko, na hapo kilio kikaanza.

Tangu siku hiyo hagusi samaki. Nimemtolea miiba, nimeficha mnofu ndani ya tonge la ugali, analitema. Hata mbuta wa vipande amekataa. Omena (dagaa) tu ndio anakula, labda kwa sababu huja wamekauka. Mayai, maharagwe na maziwa hayamshindi, na kliniki wanasema uzito wake uko sawa. Baba yake anataka tumlazimishe. Mimi roho yangu inakataa kabisa.

Je, niwe napika samaki akiwa haoni, au nimwache mpaka arudie mwenyewe? Na akiniuliza kama samaki amelala, nimjibu nini? Sipendi kumdanganya.