Draivu ya mashine ya kusaga plastiki inajizima mchana: aliyezidiwa ni mota au draivu yenyewe?

Msimamizi wa Zamu
Habari za kazi, ndugu mafundi. Katika kiwanda chetu kando ya Barabara ya Nyerere tuna mashine ya kusaga plastiki inayoendeshwa na mota ya kilowati 22, ambayo kibati chake kinaonyesha ampea 41. Draivu yake, yaani kifaa cha kielektroniki kinachoilisha mota umeme na kudhibiti kasi yake, imeandikwa ampea 45. Asubuhi kazi inakwenda vizuri, lakini kuanzia saa saba mchana, hasa Februari hii, draivu inajizima ikisema mzigo umezidi, ingawa wastani wa mkondo ninaousoma hauvuki ampea 40. Vijana wa zamu wamezoea kukata umeme na kuuwasha upya ili waendelee, na meneja anataka nipandishe kikomo cha mkondo kwenye mipangilio. Je, nikubali?

Fundi Mota
Usiguse chochote kabla ya kusoma namba ya hitilafu, kwa sababu draivu hufanya hesabu mbili za joto. Ya kwanza ni ya mota: kwa kuwa draivu haioni ndani ya mota, hukadiria joto kutokana na kipeo cha pili cha mkondo na muda uliopita, kiasi kwamba mkondo wa asilimia 120 huzalisha katika shaba joto la mara 1.44. Mota ina chuma na shaba nyingi, hivyo huchukua dakika kadhaa kupata moto. Ya pili ni ya transista za nguvu zilizomo ndani ya draivu, yaani swichi za kielektroniki zinazowasha na kukata umeme wa mota, vipande vidogo ambavyo joto lake hupanda kabla hujapepesa jicho.

Mchezo wa kukata umeme ukomeshwe leo hii. Baadhi ya draivu husahau hesabu ya joto umeme unapokatika, zikaiwasha mota iliyo moto kana kwamba imelala usiku kucha.

Mzee wa Paneli
Naongezea kwa mwenzangu: wastani unakudanganya, kijana wangu, pima kilele. Nashuku ampea hizo 45 ni za daraja la mzigo mwepesi, ambalo kwa kawaida huruhusu asilimia 110 kwa sekunde 60 katika kila dakika 10, yaani ampea 49.5 tu. Mashine ya kusaga ni ya mzigo mzito, asilimia 150 kwa muda huohuo, na draivu ileile ikihesabiwa hivyo ampea zake hupungua, ndiyo maana wengi hununua ya kilowati 30 kwa mota ya 22.

Tena, draivu nyingi hutoa mkondo wake kamili pale tu hewa inayoziingia isipozidi nyuzi 40; juu ya hapo hupoteza asilimia 1 hadi 2 kwa kila nyuzi, kutegemea mtengenezaji. Kama kuna mtu aliyepandisha masafa ya kuswichi (idadi ya mara transista zinavyowasha na kukata umeme kwa sekunde) ili mota isipige mluzi, naye ameongeza joto la transista. (Mwinuko, wenye hewa nyepesi isiyopoza vizuri, ungekuwa hoja Mbeya, hapa pwani sahau.)

Msimamizi wa Zamu
Shikamoo, Mzee. Namba ya hitilafu ni ya draivu, si ya mota. Feni ya kabati lenye draivu inazunguka, lakini kichujio kilikuwa kimezibwa na vumbi la plastiki, na saa nane mchana hewa ya ndani ilifika nyuzi 52. Plastiki nene ikiingia, mkondo unapanda hadi ampea 58 kwa sekunde kama 20. Tangu nibadilishe kichujio juzi, joto limeshuka hadi 41 na draivu imejizima mara moja tu, tulipokuwa tukisaga mapipa mazito.

Fundi Mota
Hiyo mara moja haitokani na joto la kabati. Ampea 58 ni karibu asilimia 129 ya draivu yako, na kichujio kipya hakiwezi kubadilisha hilo. Kwa sasa mapipa yakatwe vipande vidogo na yaingizwe polepole, kikomo kibaki kilipo, na barua kwa meneja iombe draivu ya kilowati 30.

Mzee wa Paneli
Marahaba. Katika barua hiyo omba pia thamista za mota, yaani vihisi joto vidogo vya ndani ya mota, zipime joto lenyewe badala ya kulikadiria.