Naombeni ushauri: binti yangu anataka kupika chakula cha Kijamaika, na jikoni niko mimi Mtanga

Habari zenu wakuu. Naishi Birmingham, mume wangu wazazi wake walitoka Clarendon, Jamaika. Marehemu mama mkwe ndiye aliyekuwa anawalisha wote Jumapili. Alipima kwa kiganja, hakuandika chochote. Sasa binti ana miaka 11, kutwa ananiganda: "Mama, nifundishe kupika kama bibi." Baba mtu hata yai linamshinda. Nikipika wali na maharage ya nazi unatoka wa Tanga, mtoto anakula kisha ananiambia sio ule. Wifi yangu anajua kupika vizuri sana, ila ana maneno. Nianzie wapi?

Kibonge wa Mvita: Dada, nazi ni nazi. Mpe mtoto ale, atazoea.

Shangazi wa Tottenham: Kibonge, pita kule. Tofauti ipo, tena kubwa. Wewe mtoa mada unapika maharage mbali na wali mbali, sivyo? Wao ni sufuria moja. Maharage mekundu yalale kwenye maji usiku, kesho uyachemshe na tui, kitunguu saumu, majani ya vitunguu, vijiti vya thyme (majani ya kunukia) na punje za pimento (zinafanana na pilipili manga, ila kubwa). Maji yakishakuwa mekundu ndipo mchele unaingia humo humo. Pilipili yao ya Scotch bonnet unaiweka juu nzima na kikonyo chake, inatoa harufu tu. Ikipasuka mtalia nyumba nzima. Krismasi wengi wanaweka mbaazi badala ya maharage.

Babu Shelisheli: Mwanangu, vitu vingi unavijua tayari. Callaloo ya Jamaika ni mchicha wetu. Angalia mapishi ya mtandaoni lakini, maana ya Trinidad ni majani ya magimbi. Tunda la shelisheli wao wanalichoma motoni na ganda lake mpaka liwe jeusi nje. Na mweleze mjukuu lilifikaje Jamaika: Nahodha Bligh, Mwingereza, aliipeleka miche yake kutoka kisiwa cha Tahiti mwaka 1793, wenye mashamba ya miwa walitaka chakula rahisi cha kuwalisha watumwa. Samaki wa chumvi naye ni hadithi hiyo hiyo, alitoka baridini Kanada. Mtoto wa miaka 11 anaweza kuyasikia hayo.

Nesi Mlalahoi: Ackee, lile tunda wanalopika na samaki wa chumvi, nunua ya kopo. Tunda bichi ambalo halijapasuka lenyewe mtini lina sumu, usijaribu.

Dada Mkubwa: Mnamfundisha mama mtu, wakati mwenye haki ya kumfundisha huyo binti ni shangazi yake. Mwite wifi apike jikoni kwako, wewe menya vitunguu na unyamaze. Akisema "kidogo tu" na mkono umejaa viungo, binti aweke bakuli chini ya mkono, mpime kwenye mzani, aandike, ndipo viingie sufuriani. Maneno ya wifi yavumilie, mwenzio pia kafiwa na mama.

Kibonge wa Mvita: Hapo kwa wifi naunga mkono. Muulizeni na mchuzi wa mbuzi. Bizari wanaikaanga kwenye mafuta kwanza, waliletewa na Wahindi waliopelekwa kufanya kazi kwa mikataba kuanzia 1845.

Mtoa mada: Asanteni sana. Nimempigia wifi, kanyamaza kidogo kisha akauliza kama ile sufuria nzito ya mama yake bado ipo. Ipo, mume wangu anawekea misumari. Anakuja Jumamosi. Ananitaka niwe na ndizi mbichi za kuchemsha, sasa nimenye kabla?

Shangazi wa Tottenham: Usimenye! Kata ncha zote mbili, chana ganda kwa urefu, zichemke nalo. Tia mafuta kidogo kwenye maji, utomvu usigande sufuriani. Na misumari mtoe leo, msingoje Jumamosi.