Mnunuzi anaiona leso kwenye simu kwanza: nichoree kioo au kiuno?

mchora_leso (Mombasa)

Salamu nyote. Kazi yangu ni kuchora leso. Wauzaji wa jumla hapa Mombasa wananipa oda, natengeneza mchoro kwenye kompyuta, wao wanapeleka kiwandani India. Swali hili ni la kazi lakini linanikera kuliko hata malipo yanayochelewa.

Zamani mteja alikuwa ananikunjulia leso ya mwaka uliopita juu ya kaunta, tunapima pindo, lile pambo la kuzunguka pembeni, kwa vidole, tunabishana. Siku hizi ni ujumbe tu: "Nitumie nione kwa simu." Natuma. "Jina halisomeki, likuze." Nalikuza hilo jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso. "Pindo limejaza sana, lipunguze." Nalipunguza. "Huu mji mbona mtupu, weka kitu katikati." Mji ndiyo ile sehemu ya katikati, ndani ya pindo. Tukimaliza hapo nina mchoro unaopendeza ndani ya kile kisanduku cha mraba cha Instagram, lakini mtu akijifunga anaonekana kama amevaa bango la mkutano.

Leso ni kama mita moja na nusu kwa mita moja na ushei, na haikuwekwa ulimwenguni itazamwe imetandazwa. Jina linakaa chini katikati, juu kidogo ya pindo. Mama akijifunga, linamkaa nyuma, kwa hivyo msomaji wake ni yule aliyepitwa. Mji unakunjamana, sehemu kubwa haionekani. Kinachoonekana kikicheza miguuni, na kuzunguka uso akijitanda, ni pindo. Mimi pindo nalikalia siku nzima: nachora robo, nageuza, nageuza tena, naangalia pembe zinavyokutana. Kwenye simu hayo yote ni ukingo wa picha, na hakuna anayetazama ukingo.

Sasa amekuja mwenye duka la mtandaoni anataka sare ya harusi ya dadake. Pale pa jina anataka anwani ya ukurasa wa duka lake. Ua la katikati ametengenezewa na akili unde, lina vivuli na rangi zisizohesabika. Nikamwambia kwenye mashine ya skrini kila rangi ina skrini yake, na kila skrini ni pesa. Leso ya kisutu ni nyekundu, nyeusi na nyeupe tu, na harusi za pwani hazijaichoka. Akanijibu kuna mashine za dijitali, hazijali rangi ni ngapi. Na kweli hazijali.

Wenzangu mnafanyaje? Namchorea anayelipa au anayevaa?

duka_la_mzee (Mombasa)

Ndugu yangu, kwa hilo la anwani usimwone kijana ni wa ajabu. Tangazo kwenye leso ni kongwe kuliko sisi sote. Wauza leso Kaderdina Hajee Essak wameanza hapa Mombasa 1887, na tazama leso yao ukingoni: Mali ya Abdulla. Mama anaingia dukani anasema "nipe Abdulla", hata mchoro hajauona. Chapa imekuwa ndiyo dhamana ya kitambaa na rangi. Lakini iangalie ilivyokaa: pembeni, herufi ndogo, haijaenda kumnyang'anya mtu jina lake. Akitaka duka lake lijulikane, mpe ukingo.

Halafu wanunuzi wa kushika kitambaa kwanza hawajaisha. Juzi alikuja bibi mmoja, akalamba kidole, akasugua pindo jekundu, akakigeuza kidole kwenye mwanga wa mlangoni. Kilikuwa safi. Akalipa bila kuuliza jina linasemaje.

bi_ng'ambo (Unguja)

Mwanangu, mchoree anayevaa. Mimi nilinunua kanga ya Obama ile ya 2008. Dukani nzuri, uso wake umekaa katikati ya mji, anatabasamu. Kujifunga, Obama amenikalia makalioni! Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. Kanga za kampeni ndiyo usiseme, kila baada ya miaka mitano wagombea wanakaliwa mabarazani na hakuna anayejali. Hiyo ni kazi ya mtu aliyetazama mchoro mezani tu.

Na hizo rangi zako zisizohesabika nimezivaa kwenye harusi ya mpwa wangu. Picha zilitoka kama za ikulu. Nilipofika nyumbani nikajifutia maji, hainywi! Kumbe si pamba, ni poliesta. Upande wa pili mweupe. Kanga nabebea mjukuu, nafunikia sinia, naswalia. Ile sasa nimeifanya ya kufunikia cherehani.

mzigo_mpya_dsm (Kariakoo)

Jamani, huyo mteja mnayemsema ni mimi, tofauti tu niko Dar 😂. Wateja wangu wako Mwanza, Lubumbashi, Muscat. Watashikaje? Watalambaje kidole? Jina lisiposomeka kwenye status, siku nzima najibu "dada, imeandikwaje?" Pindo siwezi kuliuza kwa picha, samahani kaka.

Kinachoniumiza mimi ni kingine. Mzigo ukikaa kidogo tu, wanauliza "mpya ipo?" Kanga nzima, safi, wameshaichoka kwa kuitazama, hata hawajainunua. Na wanaonunua, wengi wanapeleka kwa fundi kushona gauni. Fundi anakata anavyojua, jina linaishia kwapani au kwenye vipande vya kutupa. Mnagombania ukubwa wa maandishi ambayo mkasi utayapitia.

mchora_leso (Mombasa)

Shikamoo bi mkubwa, nimecheka peke yangu hapa. Ya Obama nitawasimulia wateja.

Dada wa Kariakoo, hilo la fundi sikuwa nimelipa uzito, na linanirudisha kwa pindo hilohilo: fundi mzuri hulihifadhi, analipeleka chini ya gauni na kwenye mikono. Jina ndilo linalokatwa.

Nimeshamjibu yule mteja wa sare ya harusi. Anwani iende ukingoni, kama alivyosema mzee. Dijitali sawa, lakini kwenye pamba, na kipande cha majaribio kifuliwe kwanza. Ua la akili unde nitalipunguza mpaka rangi nne, na bei ya kulipunguza ni juu kuliko ya kulichora upya, maana ndiyo kazi kubwa. Amechagua nichore upya. Na kuanzia sasa kila mteja nitamtumia picha mbili: leso imetandazwa, na leso imefungwa, imepigwa kwa nyuma. Bila kuikubali hiyo ya pili, sipeleki faili kiwandani.

mzigo_mpya_dsm (Kariakoo)

Hiyo ya nyuma nirushie na mimi niweke status. Ila jina likuze kidogo tu, kaka. Kidogo tu 🙏