Yule dada wa duka la unyunyu hapa Moshi kanidhalilisha mbele ya watu

Wakuu, naandika bado mikono inatetemeka. Mnamjua yule dada, mwenye kope ndefu kama fagio la chelewa. Simtaji.

Nilikuwa nachagua manukato, kati ya L'Heure Bleue ya Guerlain, ya tangu 1912, na Flower by Kenzo ya 2000. Zote zina harufu ya poda. Moja mkono wa kulia, nyingine wa kushoto, nikakaa kibarazani nusu saa zitulie. Kenzo laini, safi, kama shuka la pasi. (Lile ua jekundu la popi kwenye chupa halina harufu kabisa, mtunzi wa manukato Alberto Morillas ndiye aliyelitungia harufu.) Ile ya kulia ikaanza na ukali kama wa karafuu, kisha ikashuka kwenye poda na vanila. Moyo ukaniambia hii.

Naingia kumwambia, ananidaka mkono, ananusa, anapaza sauti mpaka Kilimanjaro inasikia: "Kaka, unanuka bibi aliyetoka msibani!"

MSIBANI! Mama mmoja alicheka hadi mtoto mgongoni akaamka.

Bibi yangu wa Kibosho alijipaka poda shingoni kila Jumapili, ikibaki nyeupe kwenye mikunjo mpaka misa inaisha. Hakuna aliyenukia vizuri kama yeye. Leo nitajiwe msiba? Bibi aliyetoka msibani!

Kihamba1: Pole mkuu. Ila hiyo ya kulia mke wangu akipulizia, nalala sebuleni.

MamaWawili: Kenzo nayo ni kliniki, siku ya kupima uzito. Kuna afadhali hapo?

ChaliiWaNgarenaro: Mangi, mwanaume mzima na poda?

Mleta uzi: Dior Homme ya 2005 ni ya kiume na imejaa airisi, lile ua. Mzizi wake hukaushwa miaka ndipo utoe hiyo poda. Na mimi sikuuliza jinsia, nimeambiwa MSIBANI.

ChaliiWaNgarenaro: Basi pole, mfiwa 😂

Kiborloni_Kwetu: Huyo dada namjua. Alinipimia mafuta mili 10, nafika Himo harufu imekata.

MamaWawili: Bora yako. Yangu ilivuja kwenye pochi, hadi leo noti zinanukia udi.

Kihamba1: Himo ulipanda gari gani? Konda wa ile ya asubuhi kaondoka na chenji yangu, buku mbili.

Kiborloni_Kwetu: Mwenye kofia nyekundu? Na yangu anayo!